Mama Mashine Anapoanzisha Wimbo

Fundi Saa alisubiri mpaka mtoto wa mwisho akatoka, ndipo akaingia darasani, kofia mkononi, akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi kilichompandisha magoti karibu na kidevu. Alikuwa mzee wa kanisa na mtengenezaji wa saa, mtu asiyependa kusema jambo kabla hajaligeuza pande zote. Siku hiyo alikuwa amevaa uso wa mtu aliyetumwa.

"Shikamoo, mzee," akasema binti wa Mama Mashine, huku akikunja nyaya za kifaa chake.

"Marahaba, Daktari."

Hakuwa daktari wa kutibu. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu aliyesomea masuala ya usikivu, na kazi yake ilikuwa kuzunguka shule za eneo alikokulia, kuwavalisha watoto hedfoni na kuwaambia: ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, inua mkono. Watoto wengi walioitwa wazito wa kuelewa, kumbe walikuwa hawasikii tu. Aliwahamishia dawati la mbele, akawafundisha walimu namna ya kusema nao, wengine akawapeleka hospitali yeye mwenyewe. Watu walimheshimu kwa hilo. Walimwita Daktari, wakamsimamisha njiani kumwonyesha majipu na meno mabovu, naye alikwisha kuchoka kukanusha.

"Nimekuja kwa ajili ya mama," akasema Fundi Saa.

"Mama ana nini?"

Mzee akaizungusha kofia. "Si unajua yeye ndiye anayeanzisha nyimbo pale kanisani. Hatuna kinanda, hatuna ngoma, tuna sauti yake tu. Akianza yeye, sisi tunapokea. Sasa siku hizi... tunamaliza, yeye anaendelea. Au hatujamaliza, yeye kashaingia ubeti mwingine. Jumapili iliyopita mchungaji anawaombea wafiwa, mama yako bado anaimba. Peke yake. Watoto wakacheka. Na wakubwa pia, nisikufiche."

"Labda alikuwa amezama tu kwenye wimbo, mzee. Mama akiimba huwa anasahau dunia."

Fundi Saa akamtazama kwa mshangao usio na ubaya wowote, na huo ndio uliomuumiza binti kuliko kama angekaripiwa. "Mwanangu, mama yako hasikii. Tulidhani unajua. Si ndiyo kazi yako?"

Binti aliendelea kukunja waya ambao tayari ulikuwa umekunjwa.

"Kamati imekaa," mzee akaendelea. "Wanataka Mama Pacha ashike nafasi. Tukaona wewe, kwa kuwa ni msomi na ni damu yake, umwambie taratibu, asije akaaibika mbele za watu."

"Nipeni Jumapili moja."

"Ya nini?"

"Nipeni tu, mzee wangu. Nakuomba."

Fundi Saa akasimama, magoti yakalia. "Hii Jumapili tu. Ikiharibika, mimi sina mdomo tena kwenye kamati."

Alipoondoka, binti alikaa peke yake katikati ya viti vidogo, akijiuliza ni nani mwingine anayejua. Jibu lilikuwa jepesi: wote.

Mama yake alikuwa na mashine ya kusaga nafaka kwenye kibanda cha mabati mbele ya nyumba, na alikuwa ameiendesha tangu alipofiwa na mume, binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Mashine ile ikinguruma, hata mwenye masikio ya paka haambulii kitu. Wateja wanaonyesha kwa vidole: laini, au ya chengachenga. Wanacheka kwa meno, wanaagana kwa kupunga mkono. Mtu akipoteza usikivu mle ndani, hatofautiani na mwenzake, ndiyo maana ilichukua muda mrefu watu kugundua. Lakini waligundua. Muuza mkaa alijua, akawa anamgusa bega kabla ya kusema. Mama Pacha wa nyumba ya pili alijua, akawa habishi tena hodi, anaingia tu na kusimama mahali pa kuonekana. Wote walijirekebisha kimyakimya, kwa adabu, na hakuna aliyemwambia mtaalamu wa masikio habari ya masikio ya mama yake. Ungeanzia wapi?

Yeye mwenyewe alikuwa akirudi jioni amechoka, anafungua kompyuta mezani, anaongea huku macho yakiwa kwenye takwimu. "Mama, leo nimepata watoto wengi wenye usaha." Nyuma yake sauti inajibu, "Haya, mwanangu." "Mama, kesho nitachelewa." "Haya." Alifurahi kwamba mama yake, aliyekuwa mbishi tangu zamani, amelainika kwa umri. Baadaye alianza kuhuzunika, maana "haya" zilizidi, na akahisi mama amemchoka. Akapunguza kusema. Mama naye, kwa upande wake, akaona binti anafumba mdomo, akadhani ndio usomi wenyewe: mtoto akipanda juu, maneno ya kumwambia mtu wa unga yanakwisha. Basi waliishi hivyo nyumba moja, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma na kujionea huruma zaidi.

*

Jumamosi mchana mashine ilifungwa mapema. Binti aliweka kifaa chake juu ya meza ya chakula.

"Mama," akasema, akiwa amemwelekea uso kwa uso. "Njoo nikupime. Nataka kukihakiki kifaa."

Mama Mashine alikuwa anajifuta unga kwenye nyusi. Akakitazama kifaa jinsi mtu anavyomtazama mbwa wa jirani. "Nina kazi."

"Dakika chache tu."

"Si unapima watoto wewe?"

"Leo nitapima mtoto mkubwa."

Mama akacheka, akaketi, akajiweka sawa, akavalishwa hedfoni juu ya kitambaa, kisha kitambaa kikavuliwa, nywele zikaonekana zilivyokuwa nyeupe. Binti alishtuka kidogo. Hakuwahi kukiona kichwa cha mama yake wazi tangu arudi kutoka chuoni.

"Ukisikia mlio, inua mkono," akasema.

"Najua. Nimekusikia ukiwaeleza watu."

Binti akabonyeza. Mama akainua mkono. Akabonyeza tena, chini zaidi. Mkono ukainuka. Akapunguza mpaka kiwango ambacho watoto wengi wenye afya njema hubabaika, na mama akainua mkono bila kusita, ametulia tuli, kifua mbele. Kwa muda mfupi binti alijawa na furaha ya kijinga. Fundi Saa amekosea, kamati imekosea, wote ni wazushi tu!

Halafu akaona macho ya mama yake yalipokuwa yanatazama. Yalikuwa kwenye kiwiko chake. Watoto hufanya hivyohivyo, wale waoga wa kuonekana wabovu: wanatazama kiwiko au bega la mpimaji, likicheza wanainua mkono. Yeye mwenyewe aliandika juu ya ujanja huo katika utafiti wake, aya nzima, na wakubwa wake wakamsifu.

Akageuka, akampa mama mgongo, akabonyeza kwa kidole tu bila kutikisa mkono. Alipotazama nyuma kwa pembe ya jicho, mkono wa mama ulikuwa pajani. Akaongeza sauti. Pajani. Akaongeza hadi kiwango ambacho yeye mwenyewe alikisikia kikivuja nje ya hedfoni. Pajani.

Akageuka tena, akamwelekea mama. Safari hii hakubonyeza kitu. Alitikisa kiwiko tu.

Mama Mashine akainua mkono.

Akatikisa tena. Mkono ukainuka. Tena, na tena. Mama alikuwa ameanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayeona mtihani unakwenda vizuri, na kila mara mkono ule wenye unga kwenye kucha ulipanda juu kwa unyenyekevu mkubwa.

"Nimefaulu?" akauliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwa kuwa hedfoni zilikuwa masikioni na hata bila hizo asingejua.

Binti akamvua hedfoni polepole. Alitaka kusema jambo la kitaalamu, akashindwa. Akalia tu, palepale, kama mtoto aliyepigwa.

Mama akaelewa. Alikunja mikono, akautazama mlango. "Nani kakwambia?"

"Fundi Saa."

Mama alisoma midomo yake, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Yule mzee naye. Anashinda na saa mbovu, hana la kufanya ila kunitazama mimi."

"Tangu lini, mama?"

"Sijui. Halikuja siku moja. Kwanza ndege, nikadhani wamehama. Halafu mvua. Mvua ikinyesha juu ya bati hili, nisiisikie! Nikajua."

"Mbona hukuniambia?" Binti alikuwa anapaza sauti, na alisikia aibu kumpigia mama yake kelele. "Mimi! Mimi ndiye nafanya kazi hii!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Si umesoma kuwa kelele zinaua masikio? Nilikwenda kukusikiliza siku ile ulipowahutubia wazazi shuleni. Sikusikia, lakini niliona picha ulizobandika. Kulikuwa na picha ya mashine kama yangu. Sasa nikwambieje? Kwamba ada yako ya chuo imetoka kwenye masikio yangu? Ungesoma kwa raha gani?"

Kweli ile picha binti aliiweka yeye mwenyewe, na aliichagua kwa sababu ilimkumbusha nyumbani.

"Na wewe unanificha mambo," mama akasema, sasa naye machozi yanamlenga. "Yule kijana wako. Mwaka mzima hakanyagi hapa. Nanyamaza, nasema ataniambia mwenyewe akitaka."

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Ulikuwa unaosha vyombo, mimi nimekaa hapa. Nikakwambia, mama, ameoa mtu mwingine. Ukasema, haya mwanangu, Mungu ni mwema."

Mama Mashine akamtaka arudie, na binti akarudia, neno kwa neno, na uso wa mama ukaanguka.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema hivyo."

"Na ukaenda kulala na maneno hayo."

"Nikaenda kulala nayo. Na kanisani sikurudi tena. Nilisema, kama Mungu mwenyewe ni mwema kiasi hicho, hanihitaji mimi."

Nje mtu alipita akiuliza kama mashine imefungwa, mmoja wao tu ndiye aliyesikia, na hakuitikia.

"Watakuondoa kwenye nyimbo," binti akasema mwishowe, akitamka kila neno wazi. "Kamati imeamua. Nimewaomba Jumapili moja."

Jinsi mama alivyoipokea habari hiyo, binti hatasahau kamwe. Hakukasirika. Alimshika mkono kwa nguvu, kama mtu anayezuiwa mlangoni. "Wasinitoe pale," akasema. "Mwanangu, nikiimba nasikia. Si sikioni, huku, kifuani. Na wao wakipokea, ubao wa sakafu unatetemeka chini ya miguu yangu, najua nipo na watu. Siku nyingine zote sipo na mtu. Wakinitoa pale nitabaki na nani?"

Kulikuwa na jibu ambalo binti yeyote mwema angelitoa: utabaki na mimi. Alilitafuta, akaona hana haki ya kulisema baada ya mwaka ule wa kupeana migongo. Badala yake akasema jambo la mtafiti. Akasema, "Tutatengeneza ishara."

*

Ishara zenyewe zilikuwa rahisi. Binti atakaa benchi la mbele kabisa, kitabu cha nyimbo mapajani. Kiganja kikiwa juu ya kitabu, mama asubiri. Kiganja kikipanda juu, mama aanze. Kidole kikipita juu ya jalada, wimbo umekwisha, anyamaze. Walifanya mazoezi jikoni hadi mama akaanza kucheka na kusema wanafanana na wezi wawili wanaopanga kuvunja duka. Binti akacheka pia. Ilikuwa jioni nzuri kuliko nyingi zilizotangulia.

Asubuhi yake watu waligeuza shingo walipomwona Daktari anaingia kanisani. Mama Pacha akamkumbatia, akanong'ona, "Umepotea, jamani." Fundi Saa alikuwa upande wa pili, ameketi wima, macho kwa mama na mtoto kwa zamu. Mama Mashine alisimama mahali pake, mbele pembeni, ndani ya gauni lake la bluu, na hakumtazama mtu mwingine yeyote ila binti yake.

Kiganja kikapanda. Mama akaanza.

Ile sauti, wallahi, haikuwa na kasoro. Ilitoka chini, nzito na safi, na watu wakaipokea kabla hawajaamua kuipokea. Beti zikaenda, kiitikio kikarudi, kidole kikapita juu ya jalada, mama akanyamaza pamoja na wote, sawasawa. Watu wakatazamana. Wimbo wa pili ukaenda vilevile. Fundi Saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akamtikisia binti kichwa kidogo kama mtu anayekubali kuwa saa aliyoitupa imeanza kutembea.

Ndipo mchungaji akawaalika wasali. Hakuwa msemaji hodari, kijana mwenye sauti ya kukwaruza ambaye siku za kazi alikuwa akifundisha hisabati. Alisema, "Leo sina maneno mengi. Kila mmoja amwombee mtu wa karibu yake ambaye hakujua kwamba anaumia." Kisha akaanza kusali taratibu.

Binti alikuwa na kiganja juu ya kitabu. Alikusudia kukiacha palepale, macho wazi, mpaka amina. Alikuja kufanya kazi, hakuja kusali. Lakini yale maneno yalimwingia mahali pabaya. Alimwona mama yake kwenye karai la vyombo, mgongo umeinama, anasema Mungu ni mwema kwa habari asiyoisikia. Akajiona na yeye mezani, mgongo vilevile. Mwaka mzima. Akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu kuachwa akasali kweli, bila mpangilio, kama mtu anayetapika. Mikono yake ikapanda ikamfunika uso.

Kiganja kilikuwa kimepanda. Mama Mashine aliona, akaanza.

Aliimba kwa moyo wote, tena kwa furaha, maana mambo yalikuwa yamekwenda vizuri asubuhi yote na hakuwa na sababu ya kuogopa. Mchungaji akasita, akanyamaza. Vichwa vikainuka. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Hakuna aliyepokea. Binti alifungua macho kwa kuchelewa, akakuta mama anamtazama yeye tu, anaimba, anamuuliza kwa macho mbona ubao hautetemeki.

Binti akapitisha kidole juu ya jalada. Akapitisha tena na tena, kwa fujo, hadi kitabu kikaanguka.

Mama akanyamaza katikati ya neno. Akatazama nyuso, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Fundi Saa alikuwa amesimama, mkono nusu angani, hajui aende au akae. Binti naye alisimama aseme kwamba kosa ni lake. Mama akamwona anafungua mdomo, akamwahi.

"Nisameheni," akasema Mama Mashine, kwa sauti kubwa mno kwa chumba kile. "Hakuna wa kulaumiwa. Mimi sisikii. Nina muda mrefu sisikii, nikawadanganya. Mama Pacha, njoo usimame hapa, mama."

Akatoka mahali pake, akapita mbele ya watu wote, akaketi karibu na binti yake. Wimbo wa mwisho ulianzishwa na Mama Pacha, juu kidogo kuliko inavyotakiwa, na watu wakaupokea hivyohivyo. Mama Mashine hakuimba. Alikaa mikono mapajani, akitazama midomo ikifunguka na kufumbika, na binti hakuthubutu kumgusa.

*

Walirudi kwa miguu. Watu walikuwa mbele na nyuma yao, wakitembea polepole kwa heshima, wasije wakawapita. Fundi Saa alikuwa anasukuma baiskeli upande wa pili wa barabara, na pale ambapo siku nyingine angesalimia kwa utani, alikohoa tu. Binti alitembea akitazama chini. Alijua atampatia mama vifaa vya kusaidia kusikia kupitia mradi wake wa utafiti, vitasaidia kiasi, si sana; alijua pia kwamba kesho hatakuwa na la kumwambia mama yake litakalomrudisha pale mbele.

"Ulikuwa unasali," mama akasema ghafla.

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Nilikuona. Lakini kwamba unasali nilikuja kujua nikiwa nimeshaharibu, si kabla." Hakukuwa na lawama ndani yake. "Ulikuwa unaomba nini vile, hadi ukasahau kiganja?"

Binti alisema. Alisema kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama, kama watu wanavyosema mambo ya namna hiyo.

Mama Mashine akafungua mdomo, na neno likamjia lenyewe, lile lile "haya" la kila jioni. Likafika mpaka kwenye ulimi. Akasimama barabarani, akamshika binti yake kidevu, akamwinua uso.

"Sijasikia," akasema. "Nitazame, halafu useme tena."

Watu wa nyuma wakasimama pia, hawakujua wafanye nini. Binti akawaona wote: Mama Pacha, muuza mkaa, mchungaji na Biblia yake kwapani, watoto aliowapima. Akamtazama mama yake, akavuta pumzi.

"Nimesema nina upweke, mama!" akapiga kelele. "Nilimwambia Mungu nina upweke!"

Magurudumu ya baiskeli ya Fundi Saa yakaacha kulia. Mama Mashine aliyatazama yale maneno mpaka la mwisho, akahakikisha ameyapata yote.

"Hata mimi," akasema, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alilisema kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara.